Maswali ya Wasomaji: Mto Ukipimwa, Hupimwa Nini?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya chache mafuriko ya tambarare zilizo chini ya Moshi, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizonazo. Tumechagua sita. Nyingine zinazofanana na hizi zitajiona zimejibiwa humu, na zile zilizouliza bei ya viwanja tumewapelekea wanaohusika.

*Mhariri, mimi ni fundi seremala, mkazi wa Pasua, Moshi. Mwezi uliopita nilipeleka milango kwa mteja upande wa Arusha Chini, na nilipofika mtoni nikaona ubao mwembamba wa chuma umesimikwa ukingoni, una mistari myeusi na tarakimu kama rula ya shule. Karibu yake paliandikwa 1DD na tarakimu nyingine iliyofutika. Wenyeji waliniambia ni kipimo cha serikali. Kinapima nini, na kazi hii ilianza lini huku kwetu?*

Ndugu fundi, ulichokiona ni kituo cha kupimia maji ya mto, na maandishi yale ni anwani yake. Tarakimu 1 inaonyesha kwamba maji ya hapo huishia Bahari ya Hindi. Herufi D ya kwanza ni bonde la Pangani. Herufi inayofuata hutaja tawi, na 1DD ni upande wa Kikuletwa, mto unaokusanya maji ya Meru pamoja na ya miteremko ya kusini na magharibi ya Kilimanjaro. Ungeuona ubao wa Mto Wami ungekuta umeandikwa 1G, na wa Rufiji 1K.

Ubao wenyewe unapima jambo moja tu, nalo ni urefu wa maji kutoka kwenye sifuri iliyochaguliwa siku ubao ulipofungwa. Sifuri hiyo si lazima iwe sakafu ya mto. Kwa hiyo mtu akisema kipimo kinasoma mita 1.20 hamaanishi kwamba mto una kina cha mita 1.20, na ndiyo sababu wataalamu huweka karibu na kituo alama ya saruji ambayo mwinuko wake unajulikana, ili ubao ukisombwa na maji, mwingine ufungwe mahali pale pale na kumbukumbu za zamani zisipotee maana. Niliwahi kusimama na msoma vipimo mmoja asubuhi baada ya mvua. Alishuka ukingoni ameshika kitita cha majani, akafuta tope kwenye ubao, akasubiri wimbi lipite, akasoma, akasubiri tena, akasoma tena, kisha akaandika kwenye daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kazi nzima ilimchukua dakika nne, naye huirudia alasiri, na kesho, na kesho kutwa, Krismasi na Idi. Hakuna sehemu ya sayansi hii iliyo muhimu kuliko dakika zile nne.

Kuhusu historia, kazi hii ni ya kale sana. Katika kisiwa cha Roda jijini Cairo kuna kisima kilichojengwa mwaka 861, na katikati yake pana nguzo ya mawe iliyochongwa alama za dhiraa, ili watawala wajue mto Nile umepanda kiasi gani. Nile ikifika dhiraa 16, kodi ya ardhi ilidaiwa, kwa sababu mashamba yalikuwa yamenywa vya kutosha na mavuno yangepatikana. Karne nyingi kabla ya hapo Mrumi Plinius alikuwa ameandika kwamba dhiraa 12 ni njaa, 14 ni furaha na 16 ni shangwe. Utaona kwamba mto ulipimwa kwanza na wenye kudai kodi.

Huku kwetu Wachaga waligawana maji kwa njia nyingine. Mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kutoka mtoni hadi kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, uligawiwa kwa zamu: ukoo huu asubuhi, ukoo ule alasiri, na maji ya usiku yakakusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, yakafunguliwa alfajiri. Kilichopimwa hapo ni muda. Kiasi cha maji kilikuwa kile kilichopatikana siku hiyo, na mto ukipungua wote walipungukiwa sawasawa. Binafsi naona ni utaratibu wa busara kuliko baadhi ya vibali vya leo, ambavyo humwahidi mtu lita kadhaa kwa sekunde hata mwaka ambao mto hauna lita hizo.

Kupima mito ya nchi kwa mpango kulikuja baadaye, nyakati za ukoloni. Mmoja wa walioanza kuiangalia Tanganyika nzima kwa jicho la maji alikuwa mhandisi wa reli Clement Gillman, aliyekuwa mshauri wa serikali wa mambo ya maji kuelekea mwisho wa miaka ya 1930. Jina lake vijana wa Moshi wanaobeba mizigo mlimani hulitamka kila wiki: kituo cha ukingo wa kreta ya Kibo, kinachofikiwa na wapandaji wa njia ya Marangu kabla ya kilele cha Uhuru, kimeitwa kwa jina lake. Vituo vya kudumu viliongezeka katika miaka ya 1950, wakati mashamba ya miwa na mkonge yalihitaji maji, na mitambo ya umeme kule chini Pangani ilihitaji kujua kama maji hayo yangefika. Baada ya uhuru likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, na mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya maji ya bonde la Pangani, ya kwanza kati ya mabonde tisa ya nchi. Leo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na makao yake yako hapa hapa Moshi.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Arusha. Mwalimu alisema mto hupimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Nimeshindwa kuelewa mtu anawezaje kuujaza mto kwenye ndoo.*

Swali zuri, na jibu lake unaweza kulifanyia mazoezi mwenyewe wakati wa kiangazi, ukiwa na mtu mzima, kamba, fimbo na chungwa moja.

Chagua sehemu ya mto iliyonyooka. Tuseme upana wake ni mita 6, na ukichomeka fimbo mahali kadhaa unapata kina cha wastani cha mita 0.4. Zidisha: uwazi ambao maji yanapitia ni mita za mraba 2.4. Sasa pima mita 20 ukingoni, dondosha chungwa juu ya mstari wa kwanza, hesabu sekunde hadi livuke mstari wa pili. Chungwa ni bora kuliko kijiti kwa kuwa huzama karibu lote na upepo haulisukumi. Likitumia sekunde 25, kasi ya juu ya maji ni mita 0.8 kwa sekunde. Lakini maji ya chini hukokotwa na mawe na mchanga, hivyo wataalamu huipunguza kasi hiyo kwa kuizidisha na 0.85 au namba iliyo karibu nayo, ukapata mita 0.68. Zidisha 2.4 kwa 0.68: mto wako unapitisha karibu mita za ujazo 1.6 kila sekunde, yaani lita 1,600. Hizo ndizo ndoo ulizozitafuta, 80 za lita 20, kila unapopepesa jicho.

Wataalamu hufanya hivyo hivyo kwa vifaa bora. Kwa muda mrefu walitumia propela ndogo inayozungushwa na maji, wakahesabu mizunguko. Mjerumani Reinhard Woltman aliieleza mashine ya namna hiyo mwaka 1790. Mto hugawanywa vipande vipande kutoka ukingo hadi ukingo, na katika kila kipande propela hushushwa hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, kwa sababu hapo kasi hukaribia wastani. Siku hizi vipo pia vyombo vinavyovutwa juu ya maji na kupima kwa mlio wa sauti. Na katika vijito vya mlimani vyenye mawe makubwa, ambako propela haina pa kukaa, humwagwa chumvi iliyopimwa, kisha chini zaidi hupimwa jinsi ilivyozimuliwa: maji yakiwa mengi, chumvi huonekana kidogo.

Sasa rudi kwa ubao wa yule fundi wa Pasua. Hakuna anayeweza kuingia mtoni na propela kila siku. Kwa hiyo mto hupimwa siku chache, za maji madogo na za maji makubwa, na kila mara husomwa pia ubao. Namba hizo zikiwekwa kwenye karatasi ya mchoro huchora mstari uliopinda, na tangu hapo msoma vipimo akisema mita 1.20, ofisini wanasoma mstari na kujua ni mita ngapi za ujazo.

Kupinda kwa mstari huo ndiko watu wengi wasikokujua, nami ningeomba ukuangalie vizuri. Chukua mto wako ule ule baada ya mvua kubwa: upana umekuwa mita 9, kina cha wastani mita 1.5, na kasi ya juu mita 2.5 kwa sekunde. Piga hesabu. Utapata karibu mita za ujazo 28.7. Kina hakijafika hata mara nne ya kile cha kiangazi, lakini maji yameongezeka zaidi ya mara 17. Mtu anayetazama mto kwa macho huona kina, na kina humdanganya.

Hapo pia ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi yote. Mstari ule huchorwa vizuri kwa siku za kawaida, kwa kuwa siku za kawaida ndizo zinazoruhusu mtu kuingia majini. Mafuriko hupita saa nane za usiku, hubeba miti, hufunika ubao, na mara nyingine huung'oa. Asubuhi saa tatu msoma vipimo anafika na kuandika namba ambayo ni ya maji yanayoondoka. Basi mhandisi wa daraja, anayetaka kujua kilele, hurefusha mstari kwa kukadiria, au hutembea ukingoni kutafuta takataka zilizonasa kwenye matawi, akapima mwinuko wake na mteremko wa mto, na kukokotoa kinyumenyume. Isitoshe, mto wenyewe hubadilika: mchanga ukichimbwa au tope likijaa, mstari wa mwaka juzi haufai tena, na lazima upimwe upya. Mashine zinazojiandikia zenyewe usiku na mchana husaidia sana, mradi zisiibwe betri.

*Mhariri, naishi Arusha, karibu na Mto Themi. Nilijenga miaka 22 iliyopita na maji hayajawahi kufika kwangu. Mwanangu ananishinikiza nihame tangu masika ya 2024. Je, miaka 22 si ushahidi wa kutosha?*

Mama, ningependa kukupa jibu la kukutuliza, lakini hesabu haikubali.

Wataalamu wakisema mafuriko ya miaka 100 hawasemi kwamba huja mara moja kila miaka 100 kwa zamu kama mfongo. Wanasema kwamba katika mwaka wowote, uwezekano wa kutokea ni 1 katika 100, na mwaka unaofuata ni vile vile, hata kama yametokea jana. Ukiifuata hesabu hiyo kwa miaka 22 utaona kwamba mtu ana nafasi karibu nne kati ya tano za kukaa miaka hiyo yote bila kuyaona. Kwa hiyo kutoyaona hakuthibitishi kwamba nyumba iko mahali salama. Ni jambo ambalo lingewatokea walio wengi, walio juu na walio bondeni. Tena ukihesabu miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26.

Kuna jambo la pili, na kwa Arusha hili ni zito zaidi. Miaka hiyo 22 haikuwa ya mto mmoja. Themi, Naura, Goliondoi na Kijenge zinapita katikati ya mji ambao umeendelea kuezeka mabati na kumwaga lami na saruji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba huleta mita za ujazo 50,000, sawa na maboza 5,000 ya lita 10,000. Penye msitu au shamba la migomba sehemu kubwa hunywewa na ardhi. Penye bati na lami karibu yote hukimbilia mtoni, na hukimbia kwa wakati mmoja. Mvua ile ile iliyokuachia usingizi mwaka wako wa kwanza inaweza leo kuleta mto mwingine kabisa.

Masika ya 2024 uliyoyataja, hadi mwishoni mwa Aprili, serikali ililiambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua na mafuriko, na Arusha haikusahau gari la wanafunzi lililosombwa kwenye korongo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kwa futi kamba kutoka ukingoni hadi ukuta wako. Kama uko ndani ya mita hizo, mwanao ana haki. Kama uko nje, bado angalia mwinuko, kwa sababu maji hayasomi futi kamba, hufuata palipo chini.

*Wengine huku Kahe wanasema maji yanayotujia jua likiwaka ni theluji ya Kibo inayoyeyuka. Ni kweli?*

Si kweli. Barafu ya Kibo ilikuwa karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2007 asilimia 85 yake ilikuwa imetoweka, lakini mito haikuitegemea sana, na sehemu ya barafu hiyo hugeuka mvuke bila hata kuwa maji. Kinachowajia ni mvua ya msituni. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali msitu wa upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hupata zaidi ya maradufu. Wingu likimwaga kule usiku, nyinyi wa tambarare mnapokea mto mchana mkiwa mmeanika mpunga. Na mto usiokauka kiangazi hulishwa na chemchemi, kama zile za Rundugai wanazoziita Chemka.

*Toleo lililopita mliandika kwamba Ruvu huleta maji Dar es Salaam na pia hujaza Nyumba ya Mungu. Mto gani huo unaopanda milima?*

Msomaji wa Mwanga ametushika, nasi tunakiri. Ni mito miwili. Ruvu ya kwetu hutokea upande wa Ziwa Jipe na mashariki ya Kilimanjaro, na vituo vyake huanza na 1DC. Ruvu ya Dar es Salaam hutoka milima ya Uluguru, na vituo vyake huanza na 1H. Wanaodharau zile herufi kwenye ubao wajue zilibuniwa kwa ajili ya watu kama sisi.

*Mimi ni mzee, mkulima wa huku chini. Marehemu baba yangu alikata alama kwa panga kwenye mwembe kila maji yalipofika nyumbani, nami nimeendelea. Zipo alama saba. Wajukuu wanacheka, wanasema mti umekua, kwa hiyo alama zimepanda nao. Je, zina maana yoyote, au niuache mti ukatwe?*

Shikamoo mzee. Usikubali mti huo ukatwe leo.

Wajukuu wamekosea. Mti hurefuka kwenye ncha za matawi yake. Shina hunenepa tu. Alama iliyokatwa kwenye kimo cha kiuno itabaki kwenye kimo cha kiuno, ingawa itapanuka na kuzibwa na gome. Kinachoweza kubadilika ni ardhi iliyo chini yake, kama mafuriko yamemwaga tope na kuipandisha. Kwa hiyo usipime kutoka ardhini.

Fanya hivi. Tafuta kitu kisichohama kilicho karibu, kama msingi wa nyumba ya zamani au nguzo ya daraja. Mwite fundi ujenzi aje na mpira wake mwangavu wa maji, ule anaotumia kusawazisha msingi. Ncha moja mwishikilie kwenye alama ya mwembe, nyingine kwenye nguzo, na maji yakitulia pande zote mbili mwandike mstari kwenye nguzo kwa rangi. Rudieni kwa alama zote saba. Kisha kaa na wazee wenzako mkumbushane kila alama ni ya mwaka gani: ile ya mvua kubwa za 1961 na ile ya El Niño ya 1997 na 1998 pengine mtazipata kwanza, na nyingine mtazitambua kwa ndoa na misiba. Andikeni mwaka, mwezi, na kama mnakumbuka, saa maji yalipofika na saa yalipoanza kushuka. Nakala moja mpeleke mtendaji wa kijiji, nyingine ofisi ya bonde pale Moshi. Mtaalamu mwenye darubini ya kupimia mwinuko akifika, zile alama za panga zitamwambia kilele cha maji cha usiku ambao ubao wa chuma ulikuwa umezama, wala hapakuwa na mtu wa kuusoma.